Kupoza koili ya kichwa kwa nitrojeni ya maji: mwongozo kamili kwa MRI ya sumaku ya nguvu ndogo

Wengi wanaojaribu kupoza koili ya MRI, yaani waya uliosukwa unaopokea ishara za picha kutoka kichwani, huanguka palepale. Wanamimina nitrojeni, mvuke unafuka, barafu inashika nje ya boksi, halafu picha inatoka na kelele zilezile za jana. Wengine hupata picha mbaya zaidi. Lawama zote huenda kwa nitrojeni, kumbe kosa lilifanyika mapema: hakuna aliyepima kelele zinatoka wapi, au boksi limeisukuma koili mbali na kichwa, au amplifaya ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele muda wote.

Mwongozo huu ni wa mashine yenye uga wa sumaku wa mT 50 (militesla 50), wa aina ya ile iliyounganishwa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, mwaka 2022 kwa siku 11. Kwenye uga huo protoni za maji huitika kwa masafa ya MHz 2.13. Koili tunayotengeneza ni ya kupokea tu, kipenyo sm 10, inakaa utosini. Uga wa mashine hizo hukatiza kwa upande tundu la kuingizia kichwa, kwa hiyo mhimili wa koili ukielekea ndani ya tundu unakuwa umekaa sawa.

Kazi yote hapa inafanyika kwa fantomu, yaani chombo cha maji ya chumvi kinachoshika nafasi ya kichwa. Kichwa cha mtu kinakuja baada ya kibali cha kamati ya maadili na ukaguzi wa usalama. Na usithubutu kuipeleka koili uliyoisuka mwenyewe kwenye mashine ya hospitali ya tesla 1.5 au 3: mawimbi ya kurushia ya mashine hizo yana nguvu ya kumuunguza mgonjwa kupitia koili isiyozimwa vizuri.

## Vitu vinavyohitajika

Vya koili

- Waya wa shaba mmoja mzima, unene mm 2, mita 2.5. Usitumie waya wa nyuzi nyingi. Sababu iko hatua ya 3.
- Kipande cha bomba la faiba ya kioo na epoksi (G10), kipenyo cha nje mm 100, urefu mm 40.
- Kapasita za aina ya C0G, ambazo pia huitwa NP0, zisizovutwa na sumaku, za kuungaunga kufikia nF 1.1: pF 470, 220, 100 na 47, mbilimbili.
- Kapasita moja ya kurekebisha, ya hewa, pF 5 hadi 50.
- Kebo ya koaksi yenye ndani ya PTFE (teflon), sm 40.
- Amplifaya ya awali yenye kelele isiyozidi dB 0.5 kwenye MHz 2.

Vya baridi

- Nitrojeni ya maji, lita 10 kwa siku moja ya kazi. Hapa Afrika Mashariki mahali pa kuanzia kuulizia ni kwenye vituo vya uhimilishaji wa ng'ombe, kwa mfano kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, kwa sababu mbegu za madume huhifadhiwa humo humo kwenye nitrojeni.
- Mtungi wa alumini. Wa chuma usiingie chumba cha sumaku.
- Mbao za polistairini iliyobanwa, unene mm 20 na mm 30, na gundi ya epoksi. Polistairini laini ya maboksi ya samaki huvuja kati ya punje zake.
- Kipima joto cha Pt100.

Vya kupimia na vya usalama

- NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima jinsi saketi inavyoitika kwa kila masafa, na vikoili viwili vidogo vya kunusia, kipenyo mm 20.
- Kipimo cha oksijeni chenye king'ora.
- Kinga ya uso mzima, glavu za baridi zilizolegea, suruali ndefu inayofunika viatu.
- Fantomu: chombo cha plastiki cha lita 3, maji, chumvi gramu 3 kwa lita, mrututu gramu 1 kwa lita. Chumvi inaiga upitishaji umeme wa kichwa. Mrututu unafanya protoni zitulie haraka ili upigaji usichukue siku nzima.

## Hatua ya 1: Pima kwanza kama baridi itakusaidia

Hatua hii inatumia koili yoyote ya sm 10 iliyo kwenye joto la chumba. Nitrojeni bado haijanunuliwa.

Kelele kwenye picha hutoka sehemu tatu: ukinzani wa koili yenyewe, ukinzani wa kichwa (na wa vyuma vilivyo jirani), na amplifaya. Baridi inaondoa ile ya kwanza peke yake. Kichwa hakipozwi, kitabaki kwenye K 310 (kelvini 310, yaani karibu 37 °C). Kama kelele za kichwa ndizo zilizotawala, nitrojeni yote utakayomwaga haitabadilisha kitu.

1. Weka vikoili vya kunusia pande mbili za koili, mbali kiasi kwamba kilele cha S21, yaani ishara inayopita kutoka kikoili kimoja hadi kingine, kisipande juu ya dB −40. Ukivisogeza karibu zaidi, vyenyewe vinakula nishati na Q, yaani kipimo cha jinsi koili inavyotunza nishati yake, inaonekana ndogo kuliko ilivyo.
2. Weka upana wa kipimo kHz 20 tu. NanoVNA yenye nukta 101 ikiwekewa upana mkubwa inaruka kilele chenyewe.
3. Soma upana wa kilele dB 3 chini ya ncha. Q ni masafa ya ncha kugawanya kwa upana huo.
4. Pima Q koili ikiwa peke yake mezani, mbali na chuma. Hiyo ni Q tupu.
5. Pima tena koili ikiwa ndani ya tundu la sumaku, mahali pake halisi, fantomu ikiwa imesogezwa karibu nayo. Hiyo ni Q ya mzigo.
6. Kokotoa r = (Q tupu ÷ Q ya mzigo) − 1. Hiyo r ni ukinzani wa kichwa na vyuma vya jirani ukigawanywa kwa ukinzani wa koili yenyewe.

Kipimo cha pili lazima kifanyike ndani ya sumaku. Karatasi ya shaba ya kuzuia mawimbi na koili za gradienti (zile zinazotofautisha mahali na mahali kwenye picha) hula nishati ya koili yako, na hizo nazo hazitapozwa. Aliyepima mezani tu hupata r ya kufurahisha isiyokuwa kweli.

Shaba safi ikitoka K 293 (joto la chumba) hadi K 77 (joto la nitrojeni ya maji), ukinzani wake kwa umeme wa moja kwa moja hushuka kama mara 8. Lakini umeme wa MHz 2.13 hupita kwenye gamba la nje la waya tu, unene wa mikromita 45, na baridi ikizidi gamba hilo linakuwa jembamba zaidi, kama mikromita 16. Kwa hiyo ukinzani halisi unashuka kwa kipeuo cha pili cha 8, yaani mara 2.8. Joto nalo limeshuka mara 3.8. Ukiviweka pamoja, ongezeko la uwiano wa ishara kwa kelele ni:

G = √[(293 + 310r) ÷ (27.5 + 310r)]

Yaani:

- r = 0 inatoa 3.3
- r = 0.1 inatoa 2.35
- r = 0.25 inatoa 1.9
- r = 0.5 inatoa 1.6
- r = 1 inatoa 1.3
- r = 3 inatoa 1.1

Tazama jinsi faida inavyoporomoka. Robo tu ya ukinzani ikiwa ya kichwa, umeshapoteza karibu nusu ya ulichokitarajia. Ndiyo maana kwenye mashine ya tesla 1.5, ambako masafa ni karibu MHz 64 na kichwa kinatawala, kupoza koili kubwa ya kichwa ni kupoteza muda, ilhali kwa kichwa cha panya na koili ya ukubwa wa kucha inalipa hata kwenye sumaku kubwa kabisa.

Dalili ya kufaulu: r iko chini ya 0.3. Ikizidi 1, simama hapo. Tumia nguvu zako kwenye amplifaya bora au muda mrefu wa kupiga.

Tahadhari: fantomu ikisogea karibu na masafa ya ncha yakashuka kwa kHz kadhaa, mzigo unaoupima una uga wa umeme ndani yake, si wa sumaku tu. Hasara hiyo inaweza kuzuiwa. Gawa kapasita sehemu mbili, moja kila upande wa koili, kisha pima upya kabla ya kukata tamaa.

## Hatua ya 2: Hesabu milimita

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, na wenyewe hawajui. Ukuta wa boksi unakaa kati ya koili na kichwa, na ishara haisamehe umbali.

Chukua koili ya nusu kipenyo mm 50 ambayo katikati yake iko mm 30 kutoka kwenye gamba la ubongo, umbali wa kawaida kwa koili isiyopozwa ukijumlisha nusu ya kimo cha koili, ngozi na fuvu. Ukiiongezea mm 10 za ukuta, unapoteza asilimia 24 ya ishara. Kwa mm 20, asilimia 44. Kwa mm 30, asilimia 58.

Sasa zidisha. Koili yenye r ya 0.25 inapata 1.9 kwa baridi. Ukuta wa mm 10 unaishusha hadi 1.43. Wa mm 20 unaishusha hadi 1.07, yaani umehangaika siku nzima ukarudi ulipoanzia. Wa mm 30 unakupa 0.79: picha mbaya kuliko ya koili ya joto iliyobandikwa karibu na kichwa.

Andika hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kukata polistairini. Kama jibu halifiki 1.3, badilisha muundo wa ukuta kwanza.

## Hatua ya 3: Suka koili

Suka raundi 6 juu ya bomba la G10, ukiacha nafasi ya mm 2 kati ya raundi na raundi. Raundi zikigusana, kila moja inasukuma umeme wa jirani upande mmoja wa waya, na ukinzani unapanda. Ukimaliza, induktansi inakuwa kama µH 5 na kapasita inayohitajika ni kama nF 1.1.

Sababu ya G10: shaba hujikunja asilimia 0.3 ikifika K 77, na G10 hujikunja karibu sawa nayo. PTFE hujikunja kama asilimia 2. Kwa raundi moja ya mm 314, shaba inapungua mm 1 hivi na PTFE inapungua zaidi ya mm 6. Waya unalegea, unatikisika, na masafa yanahama kila unapogusa meza. PVC yenyewe hupasuka.

Sababu ya kukataa waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa: kwenye joto la chumba ni mzuri, mara nyingine kuliko waya mzima. Lakini hasara ambayo nyuzi husababishiana hupanda kadiri shaba inavyopitisha umeme vizuri zaidi. Baridi inapunguza hasara moja na kuongeza nyingine. Aliyeutumia huona Q ikipanda kidogo tu, akadhani nitrojeni haijafika kwenye waya.

Lehemu maungio kwa lehemu ya bati na risasi, kisha safisha fluksi yote kwa spiriti. Fluksi iliyobaki hunyonya unyevu. Kila ungio lipe mkunjo mdogo wa waya kama herufi S, ili shaba ikijikunja isivute kapasita.

Dalili ya kufaulu: Q tupu kati ya 250 na 350 kwenye joto la chumba. Ikiwa 100, usiendelee. Tafuta ungio baya au kapasita mbaya, baridi haitalitibu.

## Hatua ya 4: Chagua kapasita kwa kuzichovya

Usiiamini karatasi ya dukani. Funga kila kapasita kwenye waya mwembamba, pima kwa mita, chovya kwenye nitrojeni kwa dakika 1 (soma kwanza sehemu ya "Kabla ya kufungua mtungi" hapa chini), pima ikiwa humo humo. C0G nzuri haibadiliki hata asilimia 1. Aina ya X7R hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na inaweza kupasuka ikirudi kwenye joto. Pitisha sumaku kali juu ya kila kapasita pia. Nyingi zina nikeli kwenye ncha, na inayovutwa inachafua uga hapo hapo koili inapokaa.

Kapasita ya kurekebisha usiizamishe. Iweke nje ya boksi, sambamba na zile zilizozama. Kwa kuwa inabeba sehemu ndogo tu ya umeme wote, joto lake halileti kelele ya kusumbua, na pF 45 za kuchezea zinakupa kama kHz 40 za kurekebisha. Zinatosha kabisa, kwa sababu mhamo kutoka joto hadi baridi ni wa kHz chache hadi kumi hivi.

Diodi za kuizima koili wakati wa kurusha mawimbi zipime pia zikiwa baridi. Diodi ya silikoni inayofunguka kwa volti 0.6 kwenye joto la chumba hutaka karibu volti 1 kwenye K 77. Chanzo kilichopangiwa joto la chumba kinaweza kushindwa kuifungua.

## Hatua ya 5: Kagua amplifaya

Koili ikiwa kwenye K 293, amplifaya ya wastani inajificha. Ukiipoza koili, inaanikwa.

Amplifaya ya dB 1 ina kelele sawa na kitu chenye joto la K 75. Mbele ya koili ya K 293 hilo ni ongezeko la robo. Mbele ya koili ya K 77 kelele zinakuwa karibu maradufu, na nusu ya kazi yako imekwenda na maji. Amplifaya ya dB 0.5 ni kama K 35. Ya dB 0.3 ni kama K 21. Tofauti ya dB 0.7 ambayo jana haikuonekana leo ndiyo inayoamua.

Iweke nje ya nitrojeni, karibu na boksi, kebo isizidi sm 40. Transista za kawaida za silikoni hupoteza ukuzaji zikipozwa hivyo. Zile za galiamu na aseniki huvumilia, lakini kwa kuanzia hakuna haja.

## Kabla ya kufungua mtungi

Lita 1 ya nitrojeni ya maji inakuwa karibu lita 700 za gesi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, haiwashi koo; mtu hupoteza fahamu bila onyo.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7. Lita 5 zikimwagika humo, oksijeni inashuka kutoka asilimia 20.9 hadi 18.6, chini ya kikomo cha 19.5. Chumba kidogo cha kuzuia mawimbi cha mita 2 kwa 2 kwa 2 ni hatari zaidi: lita 2 tu zinaishusha hadi asilimia 17. Kipimo cha oksijeni kikae kimo cha kiuno, kwa sababu gesi ya baridi hushuka chini. Kikilia, toka kwanza, uulize ukiwa nje.

- Usifanye peke yako.
- Usizibe mtungi wala boksi. Mvuke usio na njia unapasua chombo.
- Usipande lifti pamoja na mtungi.
- Glavu zilegee, ili zikiingia nitrojeni uzitupe mara moja.
- Ukiona kimiminika chenye rangi ya samawati hafifu kwenye chombo kilichokaa wazi muda mrefu, oksijeni ya hewa imegeuka kimiminika humo. Weka mbali mafuta na moto.

## Hatua ya 6: Tengeneza boksi

Kwa fantomu, boksi la polistairini linatosha kuonyesha kazi ya baridi, hata kama ukuta wake haufikishi ile 1.3 ya hatua ya 2. Kuta za pembeni, chini na kifuniko mm 30. Uso unaotazama fantomu mm 20. Gundisha kwa epoksi, si gundi ya kuyeyusha, kisha paka epoksi nyembamba ndani kote. Kifuniko kiwe na matundu mawili ya mm 10: moja la kujazia, moja la mvuke. Yasizibwe kamwe.

Boksi lenye eneo la nje la mita za mraba 0.15 linaingiza joto la wati 30 hivi. Kila wati 1 inayeyusha kama lita 0.022 kwa saa, kwa hiyo tarajia lita 0.7 hadi 1 kwa saa pamoja na kinachopotea wakati wa kujaza.

Kwa kichwa cha mtu boksi hili halifai, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Uso wa polistairini ya mm 20 yenye nitrojeni nyuma yake unafika karibu −14 °C. Wa mm 30 unafika −4 °C. Hata mm 50 unabaki 5 °C na kutoa jasho, na kwa mm 50 ishara yako imeshapotea. Polistairini haiwezi kukupa wembamba na usalama kwa pamoja.

Kinachofaa ni chombo cha kuta mbili za G10 chenye ombwe katikati, jumla ya mm 10 kutoka kwenye waya hadi nje, na mkaa maalumu wa kunyonya gesi ndani ya ombwe ili lisiharibike. Usizungushe karatasi za alumini ndani ya ombwe hilo kama inavyofanywa kwenye mitungi ya kawaida. Alumini inaiziba koili isisikie kitu. Kabla ya kichwa chochote kusogea, uso wa nje upimwe kwa saa nzima, na uwepo mpango wa kumtoa mtu haraka ombwe likivuja.

Dalili ya kufaulu: boksi lililojazwa nitrojeni bila koili linakaa dakika 30 bila kutoa tone chini. Doa la barafu lililojitenga peke yake linaonyesha ufa.

## Hatua ya 7: Poza polepole

Usimimine kwa kishindo. Mimina kidogo chini ya boksi, koili ikiwa juu ya kimiminika, mvuke uipoze kwa dakika 15. Kisha jaza kwa awamu hadi raundi zote zizame sm 2. Ukiharakisha, epoksi inapasuka na maungio yanakatika.

Pt100 inasoma ohm 108 hivi kwenye joto la chumba. Ikifika karibu ohm 20, umefika K 77. Mara ya kwanza nitrojeni itachemka kwa fujo. Sauti ikituama kuwa mchemko mdogo kama wa maji ya chai yaliyoachwa pembeni ya jiko, subiri dakika 5 zaidi.

Mapovu yenyewe ni kelele. Nitrojeni ya maji ina uwezo wa umeme mara 1.4 ya hewa, kwa hiyo kila povu linalopita kati ya raundi linatikisa masafa. Dawa rahisi ni kuzungushia koili nzima utepe wa PTFE tabaka mbili, ili povu lisiingie kati ya waya na waya. Dawa bora, kwa anayeweza, ni kuibandika koili kwenye bamba la safiri au alumina ambalo upande wake wa pili ndio unaogusa nitrojeni.

## Hatua ya 8: Pima Q ya baridi

Tenganisha amplifaya, pima kwa vikoili vya kunusia kama hatua ya 1, fantomu ikiwa mbali.

Dalili ya kufaulu: Q imepanda mara 2 hadi 2.8. Iliyokuwa 320 sasa iko kati ya 640 na 900.

Ikipanda mara 1.3 tu, hasara kubwa haiko kwenye shaba. Fuata mpangilio huu: toa koili ndani ya sumaku upime mezani, ikipona, karatasi ya shaba iko karibu mno. Isipopona, badilisha kapasita moja baada ya nyingine. Mwisho kabisa lehemu upya maungio.

## Hatua ya 9: Koili imekuwa kama kengele

Q kubwa ndiyo uliyoitaka, na sasa inaleta madai yake. Kwa Q ya 800, upana wa koili ni kHz 2.7 tu. Picha yenye upana wa kHz 20 itakuwa na ishara kamili katikati, na ukingoni itabaki kama asilimia 13. Mtu huona kichwa kinafifia pembeni akadhani koili imepinda.

Habari njema ni kwamba kelele za koili nazo hushuka kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo picha inaweza kusawazishwa kwa programu ukiwa na mchoro wa mwitikio wa koili, mradi kelele za amplifaya hazijazitawala zile za koili kule ukingoni. Punguza pia upana wa kusoma hadi kHz 10, au tumia amplifaya yenye mlango ulioundwa kuituliza koili bila kuongeza kelele.

Kengele pia inaendelea kulia baada ya kurusha mawimbi. Mlio hupungua kwa vipindi vya ms 0.12, na unahitaji vipindi 10 hadi 15: subiri ms 1.2 hadi 1.8 kabla ya kusoma. Kwa mwangwi wa ms 20, yaani ishara inayosomwa ms 20 baada ya kurusha, hilo si tatizo.

Tatizo la kweli ni sumaku. Sumaku za neodimi hupoteza kama asilimia 0.11 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kwenye MHz 2.13 hiyo ni kHz 2.3, karibu upana wote wa koili yako. Na mvuke wa nitrojeni ni mzito, unateleza kutoka kwenye boksi, unashuka juu ya sumaku na kuzipoza. Ishara inapanda masafa, koili inabaki nyuma, picha inafifia taratibu, na kila mtu anatazama koili ilhali kosa liko sakafuni. Funga mpira wa kipenyo mm 20 kwenye tundu la mvuke uutoe nje ya chumba. Soma masafa ya katikati kila dakika 5 na urekebishe.

## Hatua ya 10: Linganisha kwa haki

Piga picha mbilimbili mfululizo, mipangilio na ukuzaji vilevile, kwa hali tatu:

- A: koili ya joto, bila boksi, karibu na fantomu kadiri inavyowezekana.
- B: koili ya joto ndani ya boksi tupu.
- C: koili ya baridi ndani ya boksi.

Kwa kila jozi, chukua wastani wa ishara kwenye eneo moja. Toa picha moja kwa nyingine, pima mtawanyiko wa tofauti hiyo kwenye eneo lilelile, gawanya kwa 1.41. Ishara gawanya kwa jibu hilo ndio uwiano.

C ÷ B inaonyesha baridi imefanya nini. Inapaswa kukaribia G ya hatua ya 1. Ikiwa chini sana, rudi kwenye amplifaya. C ÷ A ndiyo faida anayoipata mgonjwa. Ripoti zenye C ÷ B peke yake zinapamba kazi, kwa sababu hakuna mgonjwa anayepigwa picha kwa koili ya joto iliyofungiwa ndani ya boksi tupu. C ÷ A ikifika 1.4, picha ya dakika 20 inapigwa kwa dakika 10, na kwa mtoto mwenye kichwa maji anayetakiwa kulala bila kutikisika, dakika hizo 10 ni nyingi.

## Baada ya kazi

Acha nitrojeni iishe yenyewe, kifuniko kikiwa mahali pake, chumba kikiwa wazi. Ukiitoa koili ikiwa baridi, unyevu wa hewa unaganda juu yake kisha unaingia kwenye maungio. Subiri hadi Pt100 ipite ohm 105, ndipo uifungue, uifute na kuipulizia hewa kavu.

Pima Q tupu tena. Irudi palepale ilipokuwa kabla ya kupozwa. Ikishuka kwa zaidi ya asilimia 5, kuna ungio lililopasuka au kapasita yenye ufa. Itafute siku hiyo hiyo, kwa sababu ufa wa nywele wa leo ukipozwa kesho utafunguka picha ikiwa katikati.